Je, Tuwaache Watoto Waitazame Sinema ya Wakanda?

"Mama, kwani baba naye alikufa majini kama huyu malkia?"

Swali hilo aliliuliza mtoto wa darasa la tano, Jumamosi moja jioni, katika sebule ya mwenzetu wilayani Muleba. Tulikuwa akina mama saba, wanne tuliotoka Bukoba mjini na watatu wenyeji wa Muleba, tumekaa na watoto wetu tukitazama sinema. Nje mvua ya Novemba ilikuwa ikinyesha juu ya migomba. Ndani kulikuwa na kahawa, karanga na bakuli la senene likizunguka mkono kwa mkono. Swali lile lilipotoka, bakuli lilisimama. Mama wa mtoto aliinuka haraka akaenda jikoni, kana kwamba kuna kitu kinaungua.

Tutarudi kwa mtoto huyo. Kwanza tuieleze sinema yenyewe, kwa maana akina mama wengi wametuuliza kama inafaa kutazamwa na familia, au ni moja tu ya zile sinema za kupigana ambazo watoto hukimbilia kwenye vibanda vya video.

Ni sinema gani hii?

Inaitwa "Black Panther: Wakanda Forever". Ilianza kuonyeshwa katika kumbi za sinema za Marekani tarehe 11 Novemba 2022. Sisi ilitufikia baadaye, kama sinema nyingi zinavyotufikia, kwa runinga ya sebuleni. Ni mwendelezo wa sinema ya "Black Panther" ya mwaka 2018. Zote mbili zimeongozwa na Ryan Coogler, Mmarekani mweusi.

Wakanda ni nchi ya kubuni barani Afrika. Haikutawaliwa na wakoloni, na ndani yake mna madini ya ajabu yaitwayo vibranium. Mfalme wake, T'Challa, huvaa vazi la chui mweusi na kupigana kwa nguvu zipitazo za binadamu. Shujaa huyo alibuniwa mwaka 1966 na Wamarekani wawili, Stan Lee na Jack Kirby, katika vitabu vya hadithi za picha.

Katika sinema ya kwanza, mfalme huyo aliigizwa na Chadwick Boseman. Watoto wetu walimpenda sana. Lakini tarehe 28 Agosti 2020 Boseman alifariki dunia kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa na umri wa miaka 43. Alikuwa ameugua tangu mwaka 2016, na watu wengi aliofanya nao kazi hawakujua. Watengenezaji wa sinema wangeweza kumtafuta mwigizaji mwingine na kumvika vazi lile. Hawakufanya hivyo. Waliamua kwamba mfalme naye amekufa, na sinema ya pili ikawa ya msiba.

Hadithi yenyewe kwa ufupi ni hii. Mfalme anafariki kwa ugonjwa. Dada yake Shuri, msichana mwenye akili nyingi za sayansi, anashindwa kumwokoa. Mama yao, Malkia Ramonda, anabaki kuiongoza nchi. Mataifa makubwa yanayatamani madini yao. Kisha linatokea taifa jingine la siri, Talokan, ambalo watu wake wanaishi chini ya bahari, chini ya mfalme aitwaye Namor. Namor anataka kumwua Riri, msichana mwanafunzi wa Marekani aliyebuni mashine ya kutafuta madini hayo baharini. Wakanda wanamkinga msichana. Namor anaufurikisha mji wao kwa maji, na Malkia Ramonda anakufa maji baada ya kumwokoa Riri. Hapo Shuri, aliyempoteza kaka na sasa mama, anachukua vazi la chui mweusi ili alipe kisasi.

Tuliyoyapenda

Jambo la kwanza ni kwamba sinema hii haiukimbii msiba. Sinema nyingi za mashujaa humwua mtu, muziki ukalia kidogo, kisha magari yakaendelea kukimbizana. Hapa tunaona jeneza likipita, watu wakiwa wamevaa nyeupe, wakiimba na kucheza kwa heshima ya marehemu. Baada ya mwaka mmoja, mama na binti wanakaa kando ya mto. Mama anataka wachome mavazi ya msiba, kama sisi tunavyoanua tanga, ili maisha yaendelee. Binti anakataa. Moyo wake bado unachemka hasira, na hasira hiyo ameifunika kwa kazi usiku na mchana.

Mama msomaji, ni nani kati yetu asiyemfahamu binti wa namna hii? Hatoi chozi kwenye msiba. Anapika, anateka maji, anapokea wageni, na watu wanamsifu kuwa ana moyo mgumu. Miezi sita baadaye anaanguka. Ramonda anayajua hayo, na hamwachi binti yake peke yake. Anamketisha, anamsimulia jinsi yeye mwenyewe anavyovumilia, wala hamlazimishi.

Kwa sisi wa Kagera sehemu hiyo ilikuwa nzito. Ziwa letu linatulisha, na pia limetuliza. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakapotea. Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43, na 19 kati yao walifariki. Wavuvi waliikimbilia kwa mitumbwi yao, bila vazi la chui wala nguvu za ajabu, wakasaidia kuwaokoa watu. Siku tano baadaye, huko Marekani, sinema hii yenye malkia anayekufa maji ilianza kuonyeshwa. Aliyeitengeneza hakuwa akitufikiria sisi, lakini kwetu ilifika kama habari ya nyumbani.

La pili, akina mama na mabinti ndio wanaoibeba hadithi. Angela Bassett, aliyeigiza kama Ramonda, alipata tuzo ya Golden Globe Januari 2023, na kwa maoni yetu aliistahili. Yupo Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, kama Nakia. Yupo Florence Kasumba, aliyezaliwa Kampala, jirani zetu, kama askari Ayo. Aliyebuni mavazi ni Ruth E. Carter, ambaye kwa kazi hiyo alipata Oscar mwaka 2023. Alikuwa amepata nyingine mwaka 2019 kwa sinema ya kwanza, na hivyo akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata tuzo mbili za Oscar. Binti anayependa kushona au kuchora aambiwe habari hiyo.

La tatu, adui naye ana mama. Hili tuliliona tulipoitazama mara ya pili. Namor alipokuwa mtoto alikwenda nchi kavu kumzika mama yake, akawakuta Wahispania wakiwatumikisha watu wake kwa mateso. Akaliteketeza shamba lile, na tangu siku hiyo akawachukia watu wa nchi kavu. Kwa hiyo, wapiganaji hawa wawili, Namor na Shuri, wote hasira yao imetoka kwenye kifo cha mama. Mmoja wetu, mwalimu wa shule ya msingi, alisema kwamba amewahi kuwaona darasani watoto wa namna hiyo. Wanapigana kila siku, wanaitwa watundu, na hakuna anayeuliza nyumbani kwao amezikwa nani.

La nne, mtoto anaiona Afrika yenye wataalamu wake. Hapo tuliwasimulia watoto habari za Katuruka, huko Maruku, si mbali na Bukoba mjini. Yapata miaka 2,000 iliyopita watu wa sehemu hizi walikuwa wakiyeyusha chuma. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la sayansi la Marekani jinsi wazee wa Kihaya walivyowaonyesha ufundi huo: tanuru la udongo, mivukuto, na mifereji ya udongo iliyoingizwa ndani ya tanuru ili hewa ipate joto kabla ya kufika kwenye moto. Watoto walishangaa. Utajiri wa Wakanda ulianguka kutoka angani wenyewe. Chuma cha Buhaya kilitoka kwenye jasho, mkaa na akili za watu. Sisi tunaona hadithi ya Katuruka inamfaa mtoto zaidi.

Yaliyotukera

Sinema hii ina upungufu wake, na baadhi yake si mdogo.

Kwanza, ni ndefu mno. Inachukua saa mbili na dakika 41. Imejaa mambo mengine kama chungu kilichojazwa ndizi kupita kiasi. Kuna habari za mpelelezi wa Kimarekani na aliyekuwa mke wake, ambazo hazisaidii kitu. Riri mwenyewe hatupati nafasi ya kumfahamu. Inaonekana aliletwa ili baadaye atengenezewe mfululizo wake, ambao kweli ulitoka mwaka 2025. Watoto wadogo walilala katikati, wakaamshwa na milio ya vita.

Pili, vita vyenyewe. Baada ya kutufundisha kwa upole jinsi ya kuomboleza, sinema inarudia desturi ya sinema za aina yake: mikuki, maji, moto, watu wakitupwa baharini kwa makumi bila jina. Mwishoni Shuri anamweka Namor chini ya mkuki wake, anamkumbuka mama yake, na anamwacha hai. Hapo tulipiga makofi. Kumsamehe mtu aliyemwua mama yako, ukiwa na uwezo wa kumwua, ndiko kushinda. Lakini amani hiyo inapatikana kwa dakika chache, kati ya wakubwa wawili. Wale wajane na mayatima wa pande zote mbili hakuna anayewauliza. Msamaha wa kweli, kama tujuavyo sisi tunaosuluhisha kesi za mashamba na ndoa, hauishii kwa wakubwa kupeana mikono.

Tatu, habari za mizimu. Shuri anakunywa dawa ya mmea fulani ili apate nguvu na kukutana na waliokufa. Sisi Wakristo hatutafuti nguvu kwa wafu, na mtoto wetu aelezwe hivyo waziwazi, asidhani kwamba kila kitu cha Kiafrika lazima kiende na kutambika. Hata hivyo, tulitambua jambo moja. Shuri alitarajia kumwona mama yake. Badala yake alimkuta Killmonger, jamaa yake aliyekuwa adui katika sinema ya kwanza, naye akamchochea alipe kisasi. Hadithi yenyewe inaonyesha kwamba anayekwenda kutafuta ushauri huku moyo umejaa hasira hukutana na wa kumwongezea hasira.

Nne, na hili lilituuma zaidi, ugonjwa wa mfalme hautajwi. Tunaambiwa anaumwa, kisha amekufa. Ni kweli kwamba Boseman mwenyewe alificha maradhi yake, na hiyo ilikuwa haki yake. Lakini sinema ilikuwa na nafasi ya kusema neno, na ikanyamaza.

Sisi wa mkoa huu tunajua unyamavu wa namna hiyo unaleta nini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983. Kabla ya hapo, na hata baada ya hapo, watu waliuita "Juliana", jina la nguo za fasheni zilizokuwa zikiingia kutoka Uganda. Wengine walizikwa ikisemwa ni homa, wengine ikisemwa wamerogwa. Watoto walibaki na bibi zao bila kujua baba na mama waliugua nini. Wengi wetu tulikuwa watoto wa wakati ule. Tulikua tukikisia. Kwa hiyo tunapoona mfalme wa Wakanda anazikwa kwa heshima zote na ugonjwa wake hauna jina, tunasema: hapa mmetuonyesha jeneza zuri, lakini neno mmelimeza.

Mtoto aliyefichwa

Upungufu wa mwisho ndio unaotufikisha kwenye swali la yule mtoto.

Nakia hakuja kwenye mazishi ya mfalme. Tunaelezwa sababu karibu na mwisho kabisa, wakati watazamaji wengi wameshainuka. Alikuwa na mtoto wa kiume wa marehemu, akimlea Haiti mbali na watu. Mfalme mwenyewe aliwaandaa kwa kifo chake na kutaka wasije mazishini. Nakia na mwanawe wakamwombolezea huko huko waliko. Bibi alimjua mjukuu wake. Shangazi, Shuri, hakuwa amewahi kumwona.

Tulibishana sana juu ya hilo. Baadhi yetu walisema Nakia alifanya vizuri kumkinga mtoto na fitina za ikulu. Wengine wakauliza: inakuwaje mtoto akae bila kumjua shangazi yake, na shangazi aomboleze akidhani nyumba ya kaka yake imezimika? Tulikubaliana kwamba mfalme alifanya jambo moja jema: alimwambia mwanawe kwamba atakufa. Tulikubaliana pia kwamba watengenezaji walikosea kuliweka jambo kubwa kama hilo kwenye dakika za mwisho. Mtoto anaombolezaje? Hicho ndicho tulichotaka kukiona, na kimepita kama upepo.

Mwenzetu aliyekimbilia jikoni alikuwa na siri ya namna hiyo. Mumewe alikuwa mchuuzi wa dagaa visiwani. Mtumbwi ulipinduka kwa dhoruba, na mtoto wakati huo alikuwa na miaka minne. Siku za msiba alipelekwa kwa bibi yake Bukoba. Aliporudi aliambiwa, "Baba amesafiri, yuko visiwani anatafuta." Mama alidhani anamwonea huruma. Mwaka ukapita, miwili ikapita, na kila mwaka neno la kweli likawa zito zaidi kulitamka.

Usiku ule, wageni walipolala, mama alimwita mwanawe, akamwambia yote. Kesho yake asubuhi alitusimulia, macho yamemvimba. Mtoto hakushtuka. Alisema, "Mimi nilijua tangu darasa la pili, mama. Waliniambia shuleni. Ila nilikuona hupendi tuseme."

Akina mama, fikirini hilo. Mtoto wa miaka minane alikuwa amebeba msiba peke yake, akimkinga mama yake asilie. Sisi tunadhani tunawaficha watoto, kumbe wao ndio wanaotuficha sisi. Asubuhi ile mama na mwana walikwenda pamoja kung'oa majani kwenye kaburi la baba. Ilikuwa mara ya kwanza mtoto kufika hapo.

Basi, tuwaruhusu?

Jibu letu ni ndiyo, lakini si hivi hivi. Tunatoa ushauri ufuatao:

Asiitazame mtoto mdogo. Wamarekani wenyewe waliiwekea onyo kwa watoto wa chini ya miaka 13. Sisi tulikosea kuwachanganya wakubwa na wadogo siku ile, ingawa kosa letu lilizaa jema.

Mzazi akae pale pale. Kibandani mtoto ataondoka na mapigano tu, tena kwa maneno ya yule anayetafsiri. Nyumbani unaweza kuisimamisha na kuuliza, "Unadhani kwa nini Shuri hataki kuchoma nguo zile?" Baba wa nyumba naye aitwe, asiachiwe mama peke yake.

Igaweni mara mbili. Mahali pazuri pa kusimama ni baada ya kifo cha Malkia. Mruhusu mtoto aulize alale nalo, ndipo muendelee siku ya pili.

Semeni habari za mizimu na za kisasi wazi, bila kufoka. Ukifoka, mtoto atakubali kwa mdomo tu.

Na kama ndani ya nyumba yako kuna kifo ambacho mtoto hajaelezwa, iwe ni ziwa, ni UKIMWI, ni saratani au ni tetemeko la Septemba 2016, usingoje sinema ikusemee. Chagua jioni ya utulivu. Tumia maneno mafupi ya kweli. Sema "alikufa", usiseme "amesafiri", maana msafiri hungojewa. Ukilia mbele ya mtoto, si aibu. Bwana wetu mwenyewe alitoa machozi mbele ya kaburi la rafiki yake.

Tulipoagana pale Muleba, kila mmoja alifungiwa mkungu wa ndizi. Yule mtoto alitusindikiza hadi barabarani, akiwa amebeba mfuko wa mmoja wetu kichwani. Gari lilipofika alituuliza kama Shuri na yule mtoto wa kaka yake walikuja kuishi pamoja. Tulimwambia sinema haikueleza. Akafikiri kidogo, akasema, "Lakini sasa wanajuana."